Friji jeusi la dada, friji la kijani la mama

Mwenzako ni mzima, sina malalamiko isipokuwa vidole. Hadi naandika hapa, kucha zangu zina rangi ya mafuta ya kijani. Nimesugua kwa mafuta ya taa, nimesugua kwa ndimu, wapi! Kisa cha kucha hizi ndicho nilichokuletea leo, na ndani yake kuna jibu la swali ambalo akina dada wengi wananiuliza: mtu akipata hela ya friji au jiko, achukue rangi gani? Jeupe, la silva, au lile jeusi la kioo linalong'aa kama gari la waziri?

Mimi ninaishi Mbagala Rangi Tatu, kwa hiyo ukiniuliza mambo ya rangi umekuja mtaa wenyewe. Utaalamu mwingine sina. Kidato cha nne nilimaliza, fizikia ikanimaliza mimi. Haya nitakayokwambia nimefundishwa na mafundi, na wauza duka wa Kariakoo, na mama yangu, ambaye ada yangu yote ya sekondari aliitoa kwenye barafu za ukwaju na ubuyu.

Basi bwana, dada yangu alipata mchumba, kijana wa Mwananyamala, mpole, anaendesha bajaji ya mtu. Mambo yakaenda haraka haraka, mahari ikapokelewa, tukafika kwenye kichen pati. Si unajua tena kichen pati za mji huu? Sare ya kitenge ni lazima, mshereheshaji ni lazima, na mama mzazi ni lazima atoe zawadi ya kuwafunga watu midomo. Shangazi alishatangaza anatoa jiko la gesi. Sasa mama naye angetoa nini mbele ya watu, sufuria? Ikaamuliwa friji.

Zamu ya mama kwenye mchezo wa akina mama wa mtaani ilikuwa imefika, kijumbe akamkabidhi Sh 1,200,000. Mama akapanga hesabu yake kichwani bila kalamu. Friji jeupe la milango miwili kwa dada, Sh 640,000. Inabaki Sh 560,000. Hapo anachukua friza la mkono wa pili la Sh 500,000 kwa ajili ya barafu zake, maana friji lake la zamani lilikuwa limeliwa na kutu chini mpaka mguu mmoja umeegemea tofali. Chenji inayobaki ni nauli na kirikuu cha kubebea. Hesabu safi kabisa, mwalimu wangu wa hisabati angempa vema.

Aliyeiharibu hesabu hiyo ni mimi.

Dada alikuwa na picha kwenye simu. Jiko zuri la Ulaya, kabati nyeusi, friji jeusi la kioo, bakuli la matunda katikati. Akanionyesha usiku, akaniambia, "Mdogo wangu, sijawahi kuomba kitu nyumba hii. Naomba hilo tu." Nami kwa kuwa naandika gazetini nikajiona mjuzi wa mambo ya nyumba. Tulipofika Kariakoo na mama, nikasimama mbele ya lile jeusi nikaanza kuhutubia. Mama, jeupe ni la kizamani. Mama, watu watatucheka. Mama, hili ndilo la kisasa. Bei yake Sh 890,000, na lilikuwa dogo kuliko jeupe. Mama alilitazama, akagusa mlango kwa kidole kimoja, akatazama alama ya kidole iliyobaki pale. Hakusema kitu. Akafungua fundo la kanga, akahesabu hela.

Zikabaki Sh 310,000. Friza la barafu likawa limekwenda na maji.

Ngoja sasa tuache kidogo habari za nyumbani kwetu, nikupe darasa la rangi nililolipata baadaye, kwa kuchelewa.

Jambo la kwanza, mpenzi msomaji, hizo picha za Ulaya zinatudanganya. Kule friji linakaa jikoni, kwa hiyo wanalinganisha rangi yake na kabati za jikoni. Huku kwetu Mbagala, Tandika, Manzese na Mwananyamala, wengi tumepanga chumba na sebule, jiko la mkaa liko uani au koridoni. Friji linakaa sebuleni, pembeni ya televisheni, na juu yake kuna kitambaa cha kufuma na maua ya plastiki. Rangi ya friji la uswahilini hulinganishwa na pazia na kochi. Ukichukua picha ya mzungu ukaenda nayo dukani, umekwenda na vipimo vya mtu mwingine kwa fundi cherehani wako.

Tena hao wenyewe hawakai na rangi moja. Marekani miaka ya 1950 walipenda mafriji ya rangi ya waridi na buluu ya bahari. Ilipofika miaka ya 1970 wakahamia kijani cha parachichi na njano ya dhahabu, kila nyumba parachichi. Baadaye wakayaona ni kichekesho, wakarudi kwenye jeupe, halafu kuanzia miaka ya 1990 wakakimbilia stenlesi. Sasa wewe utakimbizana nao mpaka lini, na mchezo wa kijumbe unapokea mara moja kwa mwaka?

Sisi hapa, wazee wanasimulia, friji lenyewe tu lilikuwa habari ya kutangaza mtaa mzima. Bidhaa zilianza kumiminika enzi za Mzee Ruksa, Rais Ali Hassan Mwinyi, aliyeongoza kuanzia 1985 hadi 1995 na kuulegeza mlango wa biashara. Friji jeupe la mama ni la enzi zilizofuata, lilikuja mitumba, na halikuulizwa rangi. Liliulizwa linagandisha au haligandishi.

Haya, tuje kwenye rangi zenyewe.

JEUPE. Mlango wake ni bati lililopakwa rangi na kuokwa. Linaonyesha uchafu, hiyo ni kweli, hasa kama jiko la mkaa au la mafuta ya taa liko karibu. Na zile sehemu za plastiki, kama kishikio, hugeuka njano kwa jua na moshi. Lakini uchafu unaouona ndio uchafu unaoufuta. Likichunika, unapata rangi ya kuziba dukani kwa bei ndogo, na rangi yenyewe haikupigi chenga kama silva.

SILVA. Hapa ndipo tunapoibiwa macho mchana kweupe. Mafriji mengi tunayoambiwa ni stenlesi ni bati lilelile limepakwa rangi ya fedha. Hakuna dhambi, ila usilipe bei ya stenlesi. Stenlesi ya kweli ni chuma kilichochanganywa na madini ya kromi, si chini ya asilimia 10 na nusu, na hiyo kromi inatengeneza ngozi nyembamba sana juu ya chuma ili kutu isiingie. Anayetajwa sana kwa ugunduzi huo ni Mwingereza Harry Brearley, mwaka 1913, katika mji wa Sheffield. Muuzaji akitoa sumaku mfukoni kukuthibitishia, usimfuate. Kuna stenlesi inayoshika sumaku na kuna isiyoshika, na bati la rangi nalo linashika. Tazama kwa karibu: stenlesi nyingi ina mistari myembamba kama imepigwa brashi, wakati rangi ya silva ni laini tu. Kisha tazama ubavuni, maana hata lenye mlango wa stenlesi mara nyingi ubavu wake ni bati la rangi.

Na ukishapata stenlesi ya kweli, tafadhali, stili waya iache kwenye masufuria. Itaichubua. Na ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, yenye klorini, usiitie kwenye kitambaa cha kufutia. Klorini ni adui wa stenlesi, inaitoboa ile ngozi yake, na kutu inaingia kama mgeni aliyeambiwa karibu. Maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, kitambaa laini, ufute kwa kufuata mistari, ukaushe. Basi.

JEUSI LA KIOO. Linapendeza, sikatai. Likiwa dukani. Likifika nyumbani kwenye watoto watano na vumbi la barabara ya mtaa, kila kidole kinaandikishwa kama kituo cha kupigia kura. Kioo hakishiki kutu, hiyo ni sifa yake. Lakini kikipigwa vibaya pembeni wakati wa kupakia kwenye kirikuu, hakuna fundi wa kukiziba kwa brashi, ni mlango mzima.

Na wale wanaosema jeusi linakula umeme, wasikutishe. Friji likiwa ndani kivulini, rangi haina neno la maana. Kinachokula umeme ni kulibana ukutani likakosa pumzi nyuma, au kuliweka kwenye jua la dirishani na karibu na jiko. Tena mafriji mengi ya siku hizi hutolea joto ubavuni, ndiyo maana ukishika unaona pana moto. Sasa mtu anashusha kitambaa cha kufuma mpaka magotini, ubavu wote umevishwa shela! Kitambaa kiishie juu jamani.

MAJIKO YA GESI nayo ni hivyohivyo. Ya juu kioo yanafutika vizuri, lakini sufuria pana la ubwabwa wa shughuli linapofunika plati zote mbili, joto linarudi chini kwenye kioo, na kioo kinaweza kupasuka. Kama wewe ni mtu wa masufuria makubwa, chukua la stenlesi. Na yale yaliyopakwa enameli, zikumbuke sahani za bati za bibi, zile nyeupe zenye ukingo wa buluu. Enameli ni kioo kilichoyeyushwa juu ya bati. Haififii, ila ikidondoshwa inamenyeka, na palipomenyeka panaota kutu.

Kutu ndiyo hadithi yetu kubwa sisi watu wa Dar. Hewa ya bahari ina chumvi na unyevu, na mitaa mingi tunadekia maji ya kisima yenye chumvi. Ukideki, maji yanapita chini ya friji, na wewe unafuta kila mahali isipokuwa pale. Ndiyo maana kutu huanzia miguuni, iwe jeupe, jeusi au silva. Linyanyue juu ya stendi, na ukimaliza kudeki pakaushe chini yake. Stendi ya mbao kwa seremala haifiki hata robo ya bei ya ile rangi unayoililia.

Sasa turudi Mwananyamala.

Kichen pati ilifana. Friji jeusi lilipofunuliwa, vigelegele vilisikika mpaka hospitali. Dada alilia, shangazi akalia, mimi nikajipongeza. Mama alicheza hadi miguu ikavimba.

Miezi mitatu baadaye nikaenda kumtembelea dada. Nikaingia sebuleni, nikatafuta friji jeusi, silioni. Pale kwenye kona kuna kitu kimefunikwa kitambaa cha kufuma kutoka juu mpaka chini, mbele na pembeni. Nikamuuliza, "Dada, friji liko wapi?" Akasema, "Si hilo hapo. Nimechoka kufuta vidole, nikalifunika." Sh 250,000 za weusi zimelala chini ya uzi mweupe wa kufuma!

Kumbe na zaidi. Nyumba ile wapangaji wanne wanatumia LUKU moja. Friji lilipoingia, wenzake wakasema dada achangie mara mbili. Shemeji bajaji yake imerudishwa kwa mwenyewe, anatafuta nyingine. Dada akataka aanze kuuza barafu ili friji lijilipie umeme wake, lakini chumba cha kugandishia ni kidogo, paketi 20 kimejaa. Akaniambia kwa sauti ya chini, shemeji asisikie, "Mdogo wangu, lile jeupe lilikuwa na friza kubwa, eti?"

Sikumjibu. Ningemjibu nini, na mhutubiaji wa Kariakoo nilikuwa mimi?

Nikapanda daladala kurudi Rangi Tatu. Nikamkuta mama amechuchumaa mbele ya friji lake la zamani, anafunga mlango kwa kamba ya mpira kwa sababu bawaba ya chini imelika. Wateja wawili watoto wamesimama mlangoni na sarafu zao. Mmoja akamwambia mwenzake, "Twende kule kwingine, friji la hapa lina kutu." Wakaondoka. Mama akasikia, mimi nikasikia. Akafunga kamba yake, akanyanyuka, akaniuliza kama nimekula.

Usiku ule sikulala, mpenzi msomaji. Malipo ya makala zangu unayajua, au kama huyajui usiulize. Friza sikuwa na uwezo wa kununua. Lakini kupaka rangi nilikuwa na uwezo.

Asubuhi nikamwita fundi friji wa mtaani. Akatazama, akasema mashine ni nzima, gesi ipo, ugonjwa ni bati na bawaba tu. Bawaba akabadilisha. Kisha akanielekeza kupaka, nami nakuelekeza wewe, kama unalo la kwako linalokutia aibu.

Kwanza chomoa waya kwenye umeme, litoe uani penye hewa. Sugua kutu kwa msasa mpaka uone chuma chenyewe, usifunike kutu kwa rangi, itarudi. Osha kwa sabuni, kausha kabisa. Paka rangi ya kuzuia kutu, ile nyekundu ya mafundi wa mageti, uiache ikauke mpaka kesho yake. Halafu rangi ya mafuta, mikono miwili myembamba, si mmoja mzito unaotiririka. Usipake mpira wa mlango, utagoma kufunga. Usipake mabomba ya nyuma. Na ndani kwenye chakula usiguse kabisa kwa rangi.

Rangi nyeupe nilikuwa sina. Kilichokuwepo ni kopo nusu la kijani lililobaki mwenye nyumba alipopaka geti. Nikamwambia mama, nikatafute hela ninunue nyeupe? Akasema, "We mtoto, si wewe uliyeniambia jeupe ni la kizamani?" Ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho kuligusa jambo lile. Nikajifanya sijasikia, nikaendelea kusugua. Yeye akachukua brashi ya pili, akaanza upande wa pili. Tulipaka mpaka magharibi, hatukuzungumza mengi. Sikumwomba radhi kwa maneno, nadhani brashi ilisema.

Wateja wameongezeka? Nisikudanganye, wako vilevile. Ila wale watoto wawili wamerudi. Na sasa mtu akiuliza barafu za ukwaju zinauzwa wapi, anaambiwa nenda moja kwa moja, kata kushoto, ulizia mama friji la kijani. Friza la mkono wa pili bado lipo kwenye hesabu. Nimeingia mwenyewe kwenye mchezo wa akina mama, zamu yangu ni ya tisa, na hela hiyo ina mwenyewe.

Kwa hiyo dada yangu unayeniuliza rangi, jibu ni hili. Kwanza uliza friji litafanya kazi gani na nani atalifuta. Pili uliza ukubwa, na LUKU ni ya nani. Ukimaliza hayo, na hela ikiwa bado ipo mkononi, chagua rangi yoyote roho inayopenda, hata ya zambarau. Na ukiwa umeandamana na mama yako dukani, mtazame usoni kabla hujaanza kuhutubia.

Wiki ijayo, panapo majaliwa, tutaongelea masofa ya kukopa. Leo naishia hapa, naenda kutafuta ndimu nyingine.